Sauti Iliyokatika Baada ya Tatu

Kila siku baada ya masomo, kabla ya kwenda uwanjani, nilikuwa na kazi moja: kutunza nakala za tovuti ya shule yetu hapa Mutuini. Mwanzoni mwa muhula tulihifadhi nakala kuu, yaani tovuti nzima, kwenye flashi. Baada ya hapo nilihifadhi nakala ndogo tu, yale yaliyobadilika tangu jana. Dakika tano, nimemaliza! Nilijiona fundi kwelikweli.

Jumatano moja ya Julai, ukungu ukiwa umelala hadi madirishani, tovuti ilitoweka. Mitambo ya kampuni iliyoihifadhi ilikuwa imeharibika.

"Msijali, tuna nakala," alisema Mwalimu Naliaka, mlezi wa chama cha kompyuta. "Kesho mjane wa Mwalimu Odero anakuja kumsikiliza mumewe."

Mwalimu Odero aliyefundisha kwaya alifariki mwezi Aprili. Simu iliyomrekodi akiongoza wimbo iliibwa sokoni Dagoretti. Sauti yake ilibaki kwenye tovuti tu.

Nilirudisha nakala. Ukurasa wake ukafunguka. Mahali pa picha yake palikuwa na mraba wa kijivu. Chini yake salamu zilikuwa zimejipanga: "Lala salama, mwalimu." "Tunakukumbuka." Zilimsemesha mtu asiyekuwepo. Ryan, mwenzangu wa chama, akabonyeza kitufe cha sauti.

"Moja, mbili, tatu..." marehemu alihesabu.

Kisha kimya. Kwaya haikuingia. Tulisubiri, na mabati yakalia juu yetu kwa baridi.

"Mwongeli, mbona hawaimbi?" Ryan alinong'ona.

Nilijua. Wiki iliyopita tulikata kipande hicho kifupi cha mwanzo wa wimbo na kukiongeza peke yake ili kukaribisha wageni, kwa hiyo kilikuwa kwenye nakala ndogo. Wimbo wenyewe ulikuwa kwenye nakala kuu, na jana, baada ya kuhifadhi nakala ndogo ya siku, niliifuta. Flashi ilikuwa imekaribia kujaa, nami nilikuwa na haraka ya mpira wa pete. Nilidhani ya zamani haina kazi tena.

"Labda ni virusi," nikasema. Mungu anisamehe!

Mwalimu Naliaka alishusha pumzi. "Basi tuanze upya. Ryan, weka picha za michezo kwenye flashi hiyo."

Ryan alishika kipanya. Kidole chake kikagusa kitufe kile kwa bahati mbaya. "Moja, mbili, tatu..." Na kimya kile tena. Nilihisi kama mwalimu ananingoja mimi.

"Ngoja, Ryan! Mwalimu, ni mimi! Nilifuta nakala kuu!"

Mwalimu aliichomoa flashi upesi. "Umeweka chochote tangu uifute?"

"Hapana, Mwalimu."

"Afadhali! Kilichofutwa bado kimo humu mpaka kifunikwe na kingine."

Alitumia programu ya kufufua faili, na kufikia saa kumi na mbili jioni wimbo ulikuwa umepatikana. Alhamisi, kwaya iliingia baada ya tatu. Mjane, Mama Jacklyne, alilia, akacheka, akaomba asikie tena.

Alipoondoka, Mwalimu Naliaka aliniita kando.

"Nakala ndogo ni viraka, Mwongeli. Ukitupa sketi, utavishona wapi? Kuanzia leo nakala kuu itakaa mahali pawili, na kila Ijumaa utairudisha tuone kama inafanya kazi."

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Kufuta nimekusamehe, hukujua. Ila ule uongo wa virusi uukumbuke. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungenyamaza dakika moja zaidi, tungemzika Mwalimu Odero mara ya pili."