Salamu Iliyosubiri Jibu

Jumamosi ile ilianza kwa ugomvi wa chapati. Mama mkubwa Marcelina, dada yake mama yangu, aliamka kabla yangu kwenye chumba changu cha kupanga hapa Mwanza, akakaanga chapati za kulisha ukoo mzima. Nikamwambia tunaenda matembezi, siyo msibani, chakula kimeshalipiwa.

"Chakula cha kulipia hakishibishi," akanijibu. "Leta hotpoti."

Alikuja mjini kutibiwa macho. Maisha yake yote amepikia miti ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi umemwachia macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Kwa daktari huo ni ugonjwa, dawa yake ni matone. Kwao Sapiwi, nje ya mji wa Bariadi, huo ni ushahidi. Mtoto wa jirani alikufa kwa homa, na mzee mmoja anaitwa Nyanda, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, akaanza kuuliza kilabuni, "Yale macho huwa yanalala kweli?" Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka. Halafu wakaacha kumsalimia. Mama yangu, anayeishi Somanda pale mjini, alipoona hivyo akampandisha basi aje kwangu.

Tuna zahanati, tuna mahakama, tuna intaneti mpaka machungani, lakini mwanamke mzee bado anahukumiwa kwa rangi ya macho. Mimi ni mtu wa midahalo, nikianza hapo sikomi, kwa hiyo naacha. Ila ujue nilipanda lile gari hasira ikiwa tayari kifuani.

Na ujue na hili. Bibi yangu, Wilhelmina, mama yake Mama mkubwa, aliuawa kwa macho hayohayo. Mama mkubwa alikuwa mtoto mdogo, amejificha kwenye lundo la pamba chumbani, anacheza. Nje, jua la utosi, bibi amekaa kivulini anachambua pamba. Ikasikika miguu ya watu wawili. Mmoja akamsalimia kama mtu amsalimiavyo mama yake, "Mwadila, mayu." Bibi akaitikia, na kama Msukuma yeyote aliyelelewa akamuuliza mgeni ni mtoto wa nani: "Ng'wana nani?" Kwetu salamu haijaisha mpaka useme umezaliwa na nani. Mgeni hakusema. Mwenzake alicheka. Kisha likashuka panga. Mdomoni kwanza. Mkono wa kulia. Shingo.

Mama mkubwa alisikia yote. Alijaza pamba mdomoni, akaiuma, ili asilie.

Hakuona sura. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Na lile swali la mwisho la bibi hakumsimulia mtu yeyote zaidi ya mama yangu na mimi.

Basi. Matembezi yenyewe yalikuwa ya kutwa, kutoka Mwanza hadi ufukweni upande wa Busega, pale mkoa wetu wa Simiyu unapoligusa ziwa. Rafiki yangu Harieth, mtoto wa Tanga, ndiye aliyetupatia nafasi. Alitaka kunionyesha kwamba ziwa si bahari. Mama mkubwa amezeeka ndani ya Simiyu na hajawahi hata kunawa maji ya ziwa hilo. Nikasema twende, apumzike, asahau.

Kiongozi wa msafara alijiita Anko Kristofa. Mzee mwenye nguvu bado, kofia ya majani, filimbi shingoni, mdomo mtamu. Tulipoipita Magu akasimama katikati ya Coaster.

"Wageni wangu, sheria ni moja tu. Kule ufukweni, mchana, mtu akikusalimia kwa nyuma, usijibu. Wazee wa kule wana mambo yao."

"Taarifa!" nikasema. Midahalo imeniharibu. "Anko, wewe Msukuma?"

"Wa kuzaliwa."

"Mtu mzima akusalimie, unyamaze? Umelelewa na nani?"

Gari zima likacheka. Dereva wetu, Elia, akapiga honi ya kunishangilia. Anko Kristofa naye alicheka, lakini hakujibu swali langu. Alipogeuka akamwona Mama mkubwa.

"Eh, mama! Macho hayo ungekuwa kwetu zamani, ungeshalala udongoni."

"Nimetumia dawa," Mama mkubwa akasema kwa upole, akashusha kanga usoni.

Nilitaka kuinuka. Harieth akanibana paja. "Winnie, tulia. Tusiharibu siku."

Ufukwe wenyewe ulikuwa mzuri, siwezi kudanganya. Mawe makubwa meusi, maji ya kijani, akina mama wanakaanga sato juu ya moto wa kuni. Mwezi wa pili ule, njiani mashamba ya pamba yalikuwa na majani tu, hata ua moja hakuna. Mama mkubwa alivua ndala akaingia majini mpaka vifundoni, akasimama hapo anatabasamu peke yake. Nilimpiga picha. Mpaka leo siwezi kuifungua.

Tulipokwisha kula, Harieth akachokoza. "Anko, eti Usukumani mnakata bibi zenu?"

Mtu mwingine angeona aibu. Yeye aliketi vizuri.

"Kulikuwa na mchawi mmoja, huko ndani ndani," akaanza, na akasimulia kwa mikono na macho, kama mchekeshaji. Vijana walivyofika. Bibi alivyokuwa amekaa na kikapu chake. Jinsi alivyoliona panga, kabisa, kaliona, na bado akauliza. Hapo akakunja shingo, akabana sauti iwe ya kizee.

"Ng'wana nani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Wengine wakacheka kwa kumfuata.

Mama mkubwa aliweka chini kipande chake cha samaki. Taratibu. Akainamia sikio langu.

"Neno hilo nililisikia mimi peke yangu," akanong'ona. "Mimi, na wao wawili."

Anko Kristofa alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatuangalia.

"Mama, kwenu wapi?"

"Sapiwi."

"Ng'wana nani?" Lilimtoka tu, kwa mazoea.

Mama mkubwa alifunua kanga usoni. Akamwonyesha macho yake yote mawili.

"Ng'wana Wilhelmina."

Yule mtu akasimama. Akapuliza filimbi kwa nguvu, kama anayetaka kuzima sauti nyingine, akapiga kelele watu wote waingie majini, muda wa kuogelea ni sasa. Watu wakakimbilia maji. Nilipogeuka kumshika Mama mkubwa mkono, hayupo. Alikuwa ameshaelekea nyuma ya mawe kunawa uso. Nikatazama pale penye kuni.

Panga la kupasulia kuni halikuwepo.

Nilikimbia. Mchanga ulikuwa unanivuta miguu. Nilipozunguka lile jiwe la kwanza, Anko Kristofa alikuwa amemlaza Mama mkubwa kifudifudi juu ya mwamba, goti mgongoni, kanga ameikunja ngumini kama kamba. Alikuwa amekwisha kumkata begani. Damu ilikuwa inashuka juu ya jiwe mpaka majini.

"Ulikuwa wapi siku ile?" alikuwa anamnong'oneza. "Tulikutafuta. Ulikuwa wapi?"

Nikapiga yowe. Elia na akina mama wa samaki wakaja mbio, wakanipita. Anko Kristofa akainua panga.

"Mwadila."

Sauti ya bibi kizee. Ilitoka nyuma yetu.

Nilikuwa wa mwisho. Nyuma yangu kulikuwa na ziwa tu.

Tukajibu. Nisikilize vizuri: hatukuamua, tulijibu. "Mwadila, mayu." Elia, akina mama wa samaki, mimi. Na wale waliokuwa majini pia, wote, kwa pamoja, kama kanisani.

"Ng'wana nani?"

Ilikuwa sikioni mwangu. Ilinuka pamba kavu.

"Ng'wana Charles," mdomo wangu ukasema.

Ikaenda kwa Elia, akataja baba yake. Ikaenda kwa akina mama, mmoja mmoja. Ikashuka majini kwa Harieth. Harieth hajui Kisukuma hata neno moja, wala hajui baba yake ni nani, maana mama yake alikataa kumwambia. Alijibu. Alitaja jina. Nimelisikia kwa masikio yangu, naye halikumbuki, na bado sijajua kama nimwambie.

Zamu ya mtu mmoja ilikuwa imebaki.

"Ng'wana nani?"

Anko Kristofa alibana meno. Shingo ilimvimba mishipa. Kitu kilikuwa kinamfungua taya, tuliona kabisa, kidevu kikishuka kidogokidogo na yeye akikirudisha. Machozi yanamtoka. Akatikisa kichwa, hapana, hapana.

Halafu akageuza panga akajikata mdomo.

Siyo mara moja. Alikata mpaka kusibaki kitu cha kujibia. Meno yalidondoka juu ya mwamba, yakalia kama punje za mahindi. Mama mmoja alianza kusali. Harieth alikuwa anatapika majini.

"Ng'wana nani?" Kwa upole. Kama mtu aliyezoea kusubiri.

Mkono wake wa kulia ukakatika kwenye kifundo. Ulianguka bado umeshika mpini. Yeye akaukodolea macho. Na kabla hajapiga magoti, shingo yake ilifunguka kwa nyuma, kutoka sikio hadi sikio, taratibu, kama mtu anayekata mkate.

Mdomo. Mkono wa kulia. Shingo.

Polisi waliandika kwamba amejiua. Nikawaomba mwongozo, ndiyo, palepale, na damu ya Mama mkubwa kwenye gauni langu. Kiganja kilichokatika ndicho kilichoshika panga. Kipo pale chini, hakijaguswa. Sasa shingo imekatwa na nani? Afande alinitazama. Akamtazama Mama mkubwa, aliyekaa na bandeji begani, macho mekundu. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama mmemtoa wapi?"

Unaona? Mtu kafa mikononi mwa dhambi yake mwenyewe, na bado mshitakiwa ni yale macho.

Kidonda kilipoanza kufunga, Mama mkubwa alikunja kanga zake.

"Narudi kwangu," akasema. "Nimechoka kuwa mgeni."

Tulimsihi. Habari za ziwani zilikuwa zimemtangulia kijijini, zimevimba, kwamba amemla mwingine. Hakusikia. Mama yangu na mimi tukamsindikiza. Tulifika mchana, na wanaume walikuwa wameshajaa uani kwake. Mapanga hawakuficha. Mbele yao Mzee Nyanda.

"Karibu nyumbani, mama wa macho," akasema, akacheka kile kicheko chake. Wenzake wakasogea.

Mama yangu alinishika mkono mpaka mifupa ikauma. Nilikuwa na hoja zote duniani, za sheria, za haki za binadamu. Hoja haimsimamishi mtu aliyebeba panga.

Mama mkubwa alivuta kigoda. Akakaa kivulini, mahali palepale alipokaa bibi siku ile.

"Nyanda," akaita. "Siku ile ulicheka nini?"

"Siku gani?"

"Kicheko hicho nakijua tangu nikiwa kwenye pamba. Nimeolewa nikikisikia, nimezika mume nikikisikia. Nilikuwa namngoja mwenzako kwanza."

Mzee Nyanda akarudi hatua nyuma. Jua lilikuwa utosini. Hakuna kuku aliyelia, hakuna ng'ombe aliyetikisa kengele.

"Mwadila."

Nyuma yao.

Mapanga yalianguka yenyewe. Wanaume wazima wakaitikia kwa unyenyekevu, wakataja baba zao mmoja baada ya mwingine, sauti zinatetemeka kama watoto waliokamatwa na maziwa mdomoni. Ilipofika kwake, Mzee Nyanda alikuwa ameshatimua mbio. Alikimbia katikati ya mashamba akicheka. Hakuweza kuacha. Tulikisikia kile kicheko mpaka nyuma ya kilima, na kuna mahali kilikatika.

Walimtafuta na mbwa. Hawakupata hata kiatu.

Siku hizi watu wa Sapiwi wanamsalimia Mama mkubwa kutoka mbali, wanataja na majina ya baba zao bila kuulizwa. Anaendelea na matone yake. Macho yanapona.

Ila jioni ileile aliyotoweka, mke wa Nyanda alituita tukaone. Juu ya kiti cha mumewe, mlangoni, palikuwa na lundo la pamba. Mwezi wa pili, shambani hata ua moja hakuna, na hii ilikuwa nyeupe, mpya, imechambuliwa vizuri. Mama yangu akaingiza mkono katikati, akatoa bonge moja lililolowa mate. Bado lilikuwa la moto.

Lilikuwa limeumwa. Alama zilikuwa za meno madogo, ya mtoto.