Spika Tano kwa Sebule Ndogo

Jumamosi ile duka la televisheni lilijaa watu hadi mlangoni, na kila skrini ukutani ilikuwa inapiga kelele zake. Fundi cherehani alisimama katikati ya msongamano, gauni lake la buluu alilolishona mwenyewe likivutwa huku na huku na mabega ya wateja, akiuliza swali ambalo hakuna aliyelisikia. Mara sauti zikaanza kupungua, skrini moja baada ya nyingine. Aligeuka. Muuzaji mmoja mrefu, rimoti kadhaa mkononi, alikuwa ananyamazisha ukuta mzima kwa ajili yake.

"Haya dada, uliza sasa. Nakusikiliza."

Wenzake walimwita Taratibu, maana hakuwahi kumharakisha mteja. Fundi cherehani alimtazama, swali likamtoka kichwani.

"Spika," alisema mwishowe. "Za televisheni."

"Ziko za aina mbili. Saundiba ni hii moja ndefu, inakaa chini ya televisheni. Hom thieta ni hizi tano na sabufa lake la mdundo, zinazunguka chumba kizima. Nyumbani mnaangalia wangapi?"

"Wawili tu. Kila jioni, kochi moja, shuka moja miguuni."

Tabasamu la Taratibu lilififia kidogo, lakini hakuacha upole wake. "Basi chukua saundiba. Kwa sebule ndogo inatosha kabisa. Tena haihitaji fundi, unachomeka mwenyewe."

"Na hom thieta?"

"Hiyo lazima mtu aje nyumbani kuifunga."

"Anakuja nani?"

"Mara nyingi mimi."

"Nipe hom thieta."

"Dada, saundiba ndiyo itakayo..."

"Kaka, nimesema hom thieta!"

Mtu wa pili wa kochi alikuwa mama yake. Siku hizi maneno ya tamthilia yalimpita mama masikioni, naye alikuwa ameanza kuondoka sebuleni mapema akisingizia usingizi. Binti alitaka kumrudisha kochini. Hayo ndiyo yaliyompeleka dukani, na hayo ndiyo aliyoyasahau mbele ya rimoti zile.

Siku ya kufungiwa spika alipiga pasi mapazia, akavaa gauni la waridi, akajipaka manukato. Mlango ukabishwa. Alikuwa mzee mwenye kitambi na sanduku la vifaa.

"Taratibu hakuja?"

"Amenituma mimi. Kwani mimi nina kasoro gani, binti?"

"Huna, baba. Karibu chai."

Kesho yake fundi cherehani alichomoa waya wa spika ya nyuma, akapiga simu dukani.

"Spika moja haisemi."

"Pole, dada. Angalia waya mwekundu. Umeingia mpaka ndani?"

"Sijui. Njoo uangalie."

"Sukuma polepole tu. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano hashindwi na waya."

"Nani kakwambia mimi fundi?"

"Siku ile ulikuwa na uzi wa njano begani. Nilitaka kuutoa, nikaona haya."

Fundi cherehani alikaa chini sakafuni, simu sikioni, anacheka peke yake. Simu zikawa nyingi. Leo spika ya kulia, kesho sabufa. Kila mara Taratibu alimwelekeza kwa uvumilivu, akamtania, akamchekesha, kisha akamaliza kwa maneno yaleyale: "Wasalimie wa nyumbani." Na hakuja.

Jioni moja mama yake alijifunika shuka vizuri, akamshika mkono.

"Mwanangu, zawadi yako nzuri. Kochi linatetemeka vizuri kabisa. Ila yule dada kwenye tamthilia, analilia nini?"

Spika tano zilikuwa zinanguruma chumba kizima, na mama yake hakuwa ameambulia hata neno moja. Binti aliona aibu hadi machozi. Akaenda jikoni na simu yake.

"Taratibu, nataka kubadilisha. Nipe saundiba."

"Imeharibika tena?"

"Haijawahi kuharibika. Nyaya nilikuwa nachomoa mwenyewe. Niliinunua ili uje. Lakini mama hasikii maneno, na siwezi kumnyima jioni zake kwa sababu ya moyo wangu. Nibadilishie, sitakusumbua tena."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Ninayekaa naye kochini."

"Wa kochini ni mama?" Sauti ilipanda ghafla. "Mimi nilidhani ni mume! Ndiyo maana nilimtuma mzee. Niliogopa kuja kukupenda mbele ya mwenye nyumba."

"Mume nimtoe wapi? Kutwa nzima nimeinamia cherehani!"

"Kaa hapo hapo, mpenzi. Naileta."

"Umeniitaje?"

Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alifika na shati jeupe lililonyooka, saundiba kwapani, jasho usoni. Kabla ya kugusa chochote alimwamkia mama, akamuuliza anapenda kukaa wapi, akaketi pembeni yake. Saundiba ilipochomekwa, akabonyeza kitufe cha kukuza maneno, akisubiri, akiongeza, akimtazama mama na si skrini.

"Hapa je, mama? Na hapa?"

Ghafla mama alinyoosha mgongo. "Kumbe wifi yake ndiye mwongo! Nyamazeni wote, niacheni nisikie!"

Tangu hapo Taratibu akawa mtu wa tatu wa kochi. Ijumaa moja aliomba rimoti, akasimamisha tamthilia mahali patamu kabisa.

"Mama, naomba kumuoa binti yako."

"Nini?"

"Naomba kumuoa binti yako!"

"Sema kwa nguvu, baba, umri umekwenda."

"NATAKA KUMUOA BINTI YAKO!"

Kwa jirani wa kushoto wakapiga makofi. Kwa jirani wa juu kikasikika kigelegele, na mtu akauliza dirishani, "Kakubali?"

"Nimekubali!" alijibu fundi cherehani, uso kaufunika kwa shuka.

Mama aliichukua rimoti kutoka mkononi mwa mkwewe.

"Mara ya kwanza nilikusikia vizuri sana," alisema. "Nilitaka tu mashahidi."