Neno la Jua Ambalo Alima Hakulifikisha

Alima alikuwa mjukuu wa Abdurrazaque, mwana wa Nazir, mwana wa Muhamadi, watu ambao hawakutajwa kwa aibu katika kijiji chochote kuanzia Palma hadi Namoto. Kazi ya ukoo wao ilikuwa kushuhudia mwezi mwandamo. Mzee wa nyumba hiyo akisema ameuona, watu walifunga. Akisema hajauona, walingoja. Kila asubuhi Alima alifagia ua na kumtekea babu yake maji ya kutawadha, naye babu humwambia, "Sisi hatushuhudii tusichokiona."

Ijumaa moja, mwalimu Clésio alisimamisha pikipiki mbele ya shule. Alikuwa ametoka mjini Palma, ambako simu hushika mtandao. Pale kijijini mnara wa simu uliungua zamani.

"Alima, mpelekee babu yako amana hii," alisema bila kuzima injini. "Kuna vyombo vilivyorushwa angani, kazi yake ni kulitazama Jua. Vimeona Jua likirusha wingu kubwa la gesi yenye sumaku, nalo linakuja huku. Kesho likifika, redio ya kituo cha afya huenda isisikike. Babu atangaze msikitini: mgonjwa anayengoja kuitiwa gari apelekwe Palma leo hii. Mimi nawahi Namoto."

"Ndiyo, mwalimu."

Mgonjwa huyo kila mtu alimjua. Alikuwa Zubaida, mke wa Ossufo, baba mdogo wa Alima. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na muuguzi Lénia alikuwa ameahidi kuita gari la hospitali kwa redio mara uchungu utakapoanza.

Tuaibo, aliyesoma darasa moja na Alima, alikuwa ameyasikia yote. "Eti Jua limetapika! Haya, shahidi, umeliona?"

"Mwezi umewachosha," mwingine akadakia, "sasa wamepanda cheo!"

Wote wakacheka. Alima akatazama juu, kiganja kikikinga macho. Mbingu ilikuwa tulivu kama jana. Aliona haya kumpelekea babu neno ambalo jicho lake halikulithibitisha, akaogopa ukoo mzima usije ukachekwa msikitini.

Adhuhuri, babu alipokuwa akivaa kanzu, aliuliza, "Nimesikia pikipiki ya mwalimu. Alikuwa na neno?"

"Salamu tu, babu."

Kesho yake uchungu ulimshika Zubaida. Lénia alikaa mbele ya redio, akiita, "Palma, Palma, mnanipata?" Ilijibu kwa mvumo tu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Aliita hata sauti ikamkauka. Ossufo alikimbia barabarani kutafuta gari la kukodi. Alipolipata, jioni ilikuwa imeingia. Hospitalini waliokoa maisha ya mama. Mtoto, wa kiume, hakulia hata mara moja.

Siku iliyofuata redio ilipona yenyewe. "Tunakupata vizuri sana," ilisema sauti ya Palma. "Kuna dharura?" Lénia akaizima redio.

Baada ya mazishi, Alima alipiga magoti mbele ya babu yake akaeleza kila kitu.

"Mwaka mmoja wa mawingu," alisema mzee, "baba yangu Nazir hakuuona mwezi. Alikuja mtu mwadilifu kutoka Namoto, akasema ameuona. Baba alimkubali, na watu wakafunga. Vyombo vile vya angani ni macho yaliyowekwa mahali tusipofika, na mwalimu alikuwa mjumbe mwadilifu. Wewe hukupewa amana ili uipime, ulipewa uifikishe. Tena ulinidanganya."

"Nifanye nini sasa, babu?"

"Kwa mtoto yule, hakuna."

Ijumaa iliyofuata mzee alisimama msikitini, akasema mbele ya Ossufo kwamba kosa limetoka nyumbani kwake mwenyewe. Ikaamuliwa kuwa tangu siku hiyo kila onyo la Jua atakaloleta mwalimu litasomwa hapo na kupelekwa kwa Lénia, na kwamba wajawazito wenye shida watatangulizwa Palma mapema. Mpelekaji atakuwa Alima. Alikubali kwa sauti isiyosikika. Zubaida alimwitikia salamu, lakini hakumtazama tena usoni.

Nanyi vijana mnaosoma haya, sikieni, wala msijifanye hamkusikia: mkikabidhiwa neno, lifikisheni lilivyo, wachekao wacheke. Nawataka mshike hilo leo, kabla halijachimbwa kaburi la kuwafundisha.