Pinki Juu ya Kijivu

"Hapana Greta, pinki usiweke kabisa! Pinki na kijivu kwake ni kitu kimoja."

Marcy alisema hivyo mdomo umejaa keki ya limau, kidole chake kimegusa kioo cha kompyuta yangu. Tulikuwa jikoni kwake, hapa hapa Duluth, kando ya ziwa, tunachagua kiolezo cha slaidi za sherehe yake ya mtoto. Kiolezo ni ule muundo uliokwisha kupangwa rangi na mapambo, wewe unajaza picha na maneno tu. Mimi ndiyo kazi yangu ofisini. Wakubwa wanapiga domo mbele ya watu, mimi nawapambia slaidi waonekane wana akili. Sasa Marcy Pelto, shoga yangu tangu darasa la kwanza, kapata ujauzito, nani mwingine angempambia?

"Kwake nani?" niliuliza.

"Baba mtoto. Macho yake hayatofautishi hizo rangi. Wewe weka bluu na njano, hizo anaziona."

"He! Kama Wade wangu!"

Marcy akacheka. Alicheka haraka haraka, ila mimi sikulitilia maanani.

"Wanaume wengi wako hivyo, shoga. Ukimwona amevaa soksi mbili tofauti, mhurumie tu."

Huyo baba mtoto niliambiwa anaitwa Curt, baharia wa meli za kubeba madini, yuko ziwani mpaka baridi ije na barafu ifunge njia. Sijawahi kumwona hata kwa picha. Kila nikiuliza, naambiwa Curt hapendi picha. Nami nikameza. Ukimpenda mtu unameza hata mifupa.

"Shika hii," Marcy akaniambia, akinipa bahasha iliyobandikwa vizuri. "Nesi ameandika humo kama ni wa kike au wa kiume. Mimi sijui, baba hajui. Huku kwetu anapewa mtu mmoja tu wa kuaminika, na mimi nimekupa wewe. Fungua, kisha uweke kwenye slaidi ya mwisho, watu wote tujue pamoja."

"Na dada zako je?"

"Dada zangu midomo yao haina milango. Nakuamini wewe, Greta."

Nilimkumbatia, nyie. Nilimkumbatia mpaka tumbo lake likanigusa.

Kesho yake, nikiwa ofisini, nilimtumia Marcy violezo vitatu kwenye simu. Kimoja cha mawingu, kimoja cha tembo wadogo, kimoja cha nyota. Kompyuta nikaiacha kazini, nikarudi nyumbani kumpikia mchumba wangu. Wade Lindgren anapenda nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu, basi nikapika hiyo. Harusi yetu ilikuwa ya mwezi wa tisa. Rangi za harusi? Bluu na njano, unauliza tena? Mimi tangu utoto mpenzi wangu ni pinki. Lakini nilisema, bwana harusi asioe kwenye ukumbi asiouona. Nikaiweka pinki yangu pembeni, kwa moyo mweupe kabisa.

"Slaidi za Marcy zinaendaje?" Wade akauliza, anajipakulia.

"Bado anachagua kiolezo."

"Mwambie achukue ile ya mawingu. Ya tembo ni ya kitoto mno."

Kijiko changu kikasimama hewani.

"Umeiona wapi ya tembo?"

"Si kwenye kompyuta yako, mpenzi."

"Kompyuta iko ofisini, Wade."

"Basi utakuwa ulinionyesha."

"Sijakuonyesha."

"Ah, Greta! Unanihoji kama askari? Nipe hiyo chumvi."

Nikampa chumvi. Lakini chakula changu kiligeuka mchanga mdomoni. Violezo vile nilikuwa nimemtumia mtu mmoja tu duniani.

Nilijitetea mwenyewe kichwani, maskini mimi. Labda Marcy alimuuliza Wade ushauri. Labda wanaandaa jambo la kunishtukiza kwa ajili ya harusi. Mwanamke anayependa ana labda nyingi kuliko nywele zake. Mwisho nikasema, hapana, wacha nipime.

Jumamosi mchana Wade alikuwa kochini anatazama mechi ya besiboli, simu juu ya goti. Mimi niko jikoni, mlango wazi, namwona vizuri. Kompyuta nilisharudi nayo kutoka ofisini, nikatengeneza slaidi moja. Ukurasa wa kijivu, na katikati, kwa herufi kubwa za pinki iliyofifia, neno moja: BABA. Nikamtumia Marcy.

"Shoga, nimepata kiolezo kizuri kuliko vyote. Nimeweka neno hapo katikati. Hebu muulize Curt kama anaweza kulisoma, asije akakosa raha siku yenyewe."

Marcy akajibu palepale: "Sawa mpenzi. Namtumia, tuombe tu mtandao uwepo huko ziwani."

Simu ya Wade ikatetema gotini.

Akaiinua. Akaisogeza karibu na pua. Akaiinamisha upande huu, akaiinamisha upande ule. Akaongeza mwanga. Akaifuta kioo kwa fulana yake, Mungu wangu, akatazama tena! Kisha akaandika kitu, akairudisha gotini, akaendelea na mechi.

Simu yangu ikaingia ujumbe wa Marcy: "Curt anasema haoni neno lolote. Ukurasa mtupu kabisa. Badilisha, shoga."

Niliingia bafuni, nikafungua maji ya bomba, nikalia. Nililia kilio cha mtu aliyeibiwa na walinzi wake wawili. Mmoja nalala naye kitanda kimoja, mwingine namwambia siri za kitanda hicho. Wananicheka? Wananihurumia? Sijui kipi kibaya zaidi.

"Greta! Uko sawa huko?" Wade akaita.

"Vitunguu tu, mpenzi!"

"Bafuni?"

"Tazama mechi yako, Wade."

Ningeweza kutoka na kumvaa palepale. Lakini namjua. Wade ana ulimi wa asali, angesema ni bahati mbaya, ujumbe wa kazini, mimi nimechoka na maandalizi ya harusi. Na Marcy angelia. Marcy akilia watu wote wanamwamini. Mpaka jioni ningekuwa mimi ndiye mwenye wivu na kichaa. Nikaosha uso, nikarudi kwenye kompyuta yangu.

Sherehe ilifanyika Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Watu walijaa. Kina mama walileta bakuli zao za viazi na sahani za biskuti, na kahawa ilikuwa mikononi mwa Arlene Lindgren, mama yake Wade. Mama mkwe wangu huyo, nisimsingizie, alikuwa ananipenda. Vitambaa vya meza vya harusi alikuwa anashona kwa mikono yake.

"Wade, inua suruali nione," akamtania mwanawe mbele za watu. "Leo soksi zimefanana?"

"Mama, acha basi."

"Nimekulea mimi! Ulishawahi kwenda shule na moja ya kijani na nyingine nyekundu, ukabisha kwamba ni pea moja."

Ukumbi wote ukacheka. Na Wade akacheka, amebeba sahani yake, amesimama karibu kabisa na Marcy. Mimi nikaunganisha kompyuta na skrini.

"Curt yuko hewani?" nikamuuliza Marcy. "Si alitaka kuona?"

"Mtandao mbaya, shoga. Nitamtumia video baadaye."

"Pole yake."

Nikaanza. Picha ya Marcy akiwa mtoto, picha ya Marcy na mimi tukiwa hatuna meno ya mbele, picha ya tumbo. Zote kwenye kile kiolezo cha mawingu, bluu na njano. Watu wakawa wanasema oooh. Marcy alikuwa anafuta machozi ya furaha, na nakiri roho iliniuma kumwona amependeza vile.

"Haya, slaidi ya mwisho!" nikasema. "Simu juu! Tatu, mbili, moja!"

Nikabonyeza.

Ukurasa wa kijivu. Katikati, kwa herufi kubwa za pinki: HONGERA, WADE, BABA MTOTO.

Ukumbi ukawa kimya, hata kijiko hakikugonga kikombe. Halafu sauti moja tu ikasikika, makofi. Ni Wade, anapiga makofi peke yake, anageuza shingo huku na huku.

"Eee! Haya, ni wa kike au wa kiume? Mbona mmenyamaza?"

Akanigeukia mimi.

"Greta, mashine imekwama! Hapo hakuna kitu, ni ukurasa mtupu!"

"Zima!" Marcy akapiga kelele. "Greta, zima hiyo! Nilikwambia usiweke pinki!"

"Kwa nini nisiweke, Marcy?"

"Nilikwambia yeye haoni..."

"Nani haoni? Curt yuko ziwani, hana mtandao. Humu ndani asiyeona ni mmoja tu, na mama yake ametoka kututajia soksi zake sasa hivi."

Marcy akafunga mdomo kwa mikono miwili. Arlene akaweka birika la kahawa mezani, taratibu.

"Jamani, imeandikwa nini?" Wade akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Mama? Imeandikwa nini pale?"

Arlene akamtazama mwanawe.

"Imeandikwa, hongera, Wade, baba mtoto."

Sasa sikilizeni. Mwanaume akishikwa, macho yake hukimbilia alikoweka moyo. Wade hakunitazama mimi. Alimtazama Marcy kwanza, na mimi nikajibiwa.

"Mpenzi," akaanza, "twende nje nikueleze."

"Ulishanieleza Jumamosi, ukiwa kochini kwangu. Nilituma neno moja kwa Marcy, ukasema ukurasa mtupu. Neno lilikuwa baba, Wade. Hukulisoma hilo pia."

"Greta, ilitokea tu," Marcy akasema, analia. "Tulitaka kukwambia. Tulikuwa tunatafuta wakati."

"Wakati upi? Kabla ya harusi au baada ya mtoto kuanza kutembea?"

"Nisamehe."

"Nitakuuliza kitu kimoja, halafu nakuacha. Watu wote hawa, dada zako wapo, shangazi zako wapo. Kwa nini bahasha ya mtoto wa Wade ulinipa mimi?"

Alilia sana kabla ya kujibu.

"Kwa sababu usingeshuku. Na kwa sababu nilitaka ipendeze. Hakuna anayepamba kama wewe."

Nyie, hayo ndiyo maneno yaliyonimaliza. Kuibiwa mchumba niliumia, lakini kuitwa kuja kupamba wizi wenyewe, tena nikiambiwa ahsante!

Arlene akanyoosha mkono kwa mwanawe.

"Nipe funguo za gari."

"Mama..."

"Gari ni langu. Utarudi kwa miguu, hewa ikupige."

Wade akatoa funguo. Kisha akanigeukia mimi, macho yamelowa. "Greta, harusi yetu je? Tusiamue kwa hasira. Tuongee."

"Nimeshaongea. Bado slaidi moja."

Nikabonyeza. Bluu iliyokolea skrini nzima, herufi za njano kubwa kama madirisha: WADE, HARUSI HAKUNA.

"Hiyo unaiona?"

"Naiona."

"Vizuri. Nimekuchagulia rangi zako."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya kompyuta, kisha nikakumbuka kompyuta ni yangu, nikaitoa nikaiweka kwenye sahani yake ya biskuti. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Nikatoa ile bahasha kwenye mkoba wangu, ingali imebandikwa kama nilivyopewa, nikampelekea Arlene.

"Hujaifungua?" akaniuliza kwa mshangao.

"Sijaifungua. Mtoto hajanikosea kitu, siwezi kumtangaza kwa hasira. Wewe ndiye bibi yake. Wafungulie ukiona wamefaa."

Arlene akanishika uso kwa viganja vyake vilivyonukia kahawa. Watu wa huku kwetu si wa kupiga mayowe, lakini aliniachia machozi yake kwenye shavu langu.

Nilikunja kompyuta nikatoka. Nje jua lilikuwa kali na upepo wa ziwa ni wa baridi kama kawaida yake. Nikapita moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi.

"Nikusaidie nini?" muuzaji akauliza.

"Rangi ya ukuta. Jikoni."

"Rangi gani?"

"Pinki. Ile inayopiga kelele kuliko zote."

Nilikuwa nimepaka nusu ya ukuta, nalia na kupaka, napaka na kulia, simu ikaingia ujumbe. Ni Arlene.

"Ni wa kike. Nimeona wewe uwe wa kwanza kuambiwa. Marcy na Wade bado sijawaambia. Vile vitambaa vyako vya bluu na njano nimebaki navyo, nivifanye nini?"

Nikakaa sakafuni na brashi yangu. Nilifikiria kumwambia avichome. Kisha nikaandika:

"Mshonee mjukuu wako magauni. Baba yake atayaona vizuri."

Nikaweka simu chini, nikachovya brashi, nikamalizia ukuta.