Kilomita Zisizo Zetu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kevina aliosha gari la mama yake kwa dumu moja la maji na kitambaa kikuukuu. Akimaliza, alifungua mlango na kusoma kwa sauti namba ya kilomita kwenye dashibodi, naye mama alijibu kutoka jikoni kama wakati wa kubadilisha oili ya injini umefika, "Oili bado!" au "Oili imefika!" Gari lilikuwa jeupe, limeandikwa SHUKRANI kwenye kioo cha mbele. Mama yake, Susana, alilitumia kubeba abiria kutoka Arua hadi Koboko, na sasa alitaka kuliuza anunue kubwa zaidi.

Mnunuzi alikuwa Helen, mfanyabiashara wa Sudan Kusini aishiye Koboko. Alifika nyumbani kwa kina Kevina, Manibe, akalizunguka gari, akalipiga gurudumu teke, akatabasamu. Kisha akafungua kwenye simu ripoti ya historia ya gari, ile inayokusanya taarifa kutoka gereji mbalimbali. Tabasamu likamtoka.

"Mama Kevina, hapa wanasema mwaka juzi hii gari ilikuwa imetembea kilomita laki mbili na kumi. Dashibodi yako iko laki moja na sitini. Kilomita inarudi nyuma namna gani? Mumeichezea!"

"Dada Helen, sijagusa kitu."

"Basi simu ndiyo iko na uongo?" Helen akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Kevina aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Maneno ya Arua yana miguu: mtu akiitwa mwizi wa kilomita asubuhi, jioni kijiji kizima cha Ombaci kinajua. Nani angenunua gari la mama tena?

Swadiki, fundi jirani, alikuja na dawa yake. "Mama, hii kazi kidogo tu. Mimi napandisha namba ya dashibodi ifikie ile ya ripoti. Maneno inakwisha leo."

"Kubali, mama!" Kevina alidakia. "Hatumwibii mtu. Gari itaonekana imechoka zaidi, bei itashuka, na hasara ni yetu wenyewe!"

Hoja ilikuwa nzuri, na ubaya wake ulikuwa hapohapo. Mama alitikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Jumamosi tunaenda Koboko."

Huko walikwenda kwenye gereji ya Mzee Paulino, ambako mama alitengenezesha gari mwaka juzi na ambako zile kilomita za ripoti zilitumwa. Mzee alipoambiwa ripoti imekosea, alikuja juu. "Mimi nakosea? Miaka yote hii?"

Mtu mwingine angepiga kelele. Mama alivuta kigoda, akaketi, akauliza kwa upole, "Mzee, gari zikiingia hapa, mnazijuaje?"

"Kwa jina yake, mama! Hii Shukrani, ile Baraka. Nani anainama kusoma namba ya gari? Kijana wangu anauliza jina, anatuma kilomita kwa kampuni ya ripoti."

"Na kuna Shukrani nyingine?" Kevina aliuliza.

Mzee Paulino alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akampigia simu Kamisi wa Kuluba, anayesomba mihogo. Alasiri gari likaingia: jeupe, SHUKRANI kiooni, limelegea kama punda aliyezeeka. Dashibodi yake ilikuwa imepita laki mbili na kumi zamani. Walipotafuta ripoti ya gari hilo, mwaka juzi haukuwa na kilomita hata moja, ingawa Kamisi alilileta pale gereji wiki ileile ambayo mama alileta lake.

Mzee alishika kichwa: kijana wake alikuwa ameziandika kilomita za Kamisi kwenye gari la mama. "Mama, nimechafua jina yako. Unisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Sasa tusafishe."

Walipiga picha za dashibodi na namba za magari yote mawili, na Mzee Paulino mwenyewe akaitumia kampuni ya ripoti barua ya kukiri kosa. Kampuni ikajibu kwamba picha hazisomeki. Mama akapiga nyingine, akatuma. Wakadai namba iliyochongwa kwenye bodi. Kevina akalala chini ya gari, akasugua kutu mpaka namba ikaonekana. Kevina alichoka, lakini mama hakunung'unika hata mara moja, naye Kevina alijivunia kuwa mtoto wake. Hatimaye ripoti zote mbili zikasahihishwa.

Helen alipoiona ripoti mpya, alirudi Manibe mwenyewe. "Mama Kevina, nilikutukana bure. Lakini mbona hukubadilisha namba tu? Watu wengi wanafanya."

"Huyu hapa alitaka," mama alisema, akimwonyesha Kevina kwa kidevu. "Alisema hatutamuumiza mtu. Na Kamisi je? Kilomita zake zingebaki kwetu. Siku moja mjanja angerudisha nyuma dashibodi ya gari lake bila ripoti kumuumbua, na mnunuzi, akidhani bado changa, asingebadilisha mkanda wa injini kwa wakati. Ungekatikia barabarani, na watoto ndani."

Kevina aliinamisha kichwa. Watoto hao hakuwa amewafikiria hata kidogo.

"Ndiyo ujue, binti yangu," mama alisema, sasa kwa upole. "Uongo huwezi kuufunga kamba ukae nyumbani kwako. Hata ukikubali hasara wewe, utatoka kumtafuta mwingine. Kosa likitokea, rudi pale lilipotokea, ulirekebishe hapo."

"Nimeelewa, mama."

Helen aliwatazama wote wawili, akanyoosha mkono. "Leteni funguo. Hii gari ninanunua, na siku mutauza ile kubwa, muniite mimi kwanza."