Mashine Isiyopoa

Ukimwona mtu anakagua mashine kuukuu huku anaomba kimoyomoyo, jua hana pa kurudia. Ndivyo alivyokuwa mjane yule jioni aliyofika kwenye geti la kiwanda, mfuko wa vifaa begani, jua likiwa limebaki kidogo tu juu ya mapaa.

Watu walimwita Fundi Mama. Jina la ufundi alilirithi kwa mumewe pamoja na karakana ndogo nyuma ya nyumba, kama mtu anavyorithi koti lililomzidi mabega. Alikuwa ameanza kulizoea hilo koti. Wateja walimletea shafti za pampu na gia zilizokatika meno, naye akazichonga upya zikakaa. Kisha mashine yake ya kuchonga vyuma ikapasuka kichwa, na karakana ikanyamaza. Karakana bila mashine ni jiko bila moto. Wateja walikuja wakaona majivu, wakaenda kwingine.

Kiwanda hiki alikuwa anakijua kwa jina tu. Hapa ndipo mumewe alipokuwa ameajiriwa. Aliondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima wa afya, akarudishwa jioni amefunikwa shuka. Ameanguka tu kando ya mashine, walisema. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, umeme ukakatwa, na sasa vyote vilivyomo vilikuwa vinauzwa kwa mnada.

Mnada ni kesho. Wanunuzi wengine walikwisha kukagua tangu asubuhi. Yeye alichelewa kwa sababu mama mkwe wake alibanwa na pumu mchana kutwa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono.

"Muda umekwisha, mama," mlinzi alimwambia. Alikuwa mzee mwembamba, kofia imemfika masikioni.

"Shikamoo, baba. Naomba uniruhusu kidogo tu. Kesho nikinunua kipofu-kipofu, nimekwisha."

Mzee alitazama anga, akatazama mfuko wake wa vifaa. "Marahaba. Ingia. Lakini giza likianza, toka mwenyewe. Usingoje nikuite."

Ndani palikuwa na mashine tatu za kuchonga.

Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, inang'aa. Fundi Mama akacheka kidogo peke yake. Rangi mpya kwenye chuma cha zamani ni wanja kwenye jicho bovu. Akapitisha ukucha chini ya meza, ukucha ukazama kwenye ufa uliozibwa. Hapana.

Ya pili alizungusha gurudumu lake la mkono. Likazunguka karibu nusu duara kabla meza haijasogea hata kidogo. Skrubu imelegea, nyuzi zake zimelika. Akasikiliza gia zake. Zilitafuna kama mzee asiye na meno. Hapana.

Imebaki moja.

Ya tatu ilikuwa kona ya nyuma kabisa, mahali mwanga wa dirishani haufiki. Chafu, haikupakwa chochote. Akashika gurudumu, akalizungusha kwa kidole kimoja.

Meza ikateleza. Laini. Kama maji.

Akatoa saa yake ya kupimia, akaisogeza meza toka mwisho hadi mwisho. Mshale haukutikisika. Akashika kichwa cha mashine kwa mikono miwili akakivuta huku na huku. Kimya, hakichezi. Machozi yakamlenga. "Ee Mungu," alinong'ona, "hii hapa. Hii hapa."

Ndipo alipogundua kwamba viganja vyake vimelowa mafuta.

Mafuta mapya.

Akapapasa mwili wa chuma. Ulikuwa na joto... joto la mashine iliyozimwa sasa hivi. Akainama. Sakafuni palikuwa na vinyoleo vya chuma kilichochongwa, vimejikunja, vyeupe, havijapata kutu hata chembe. Na kiwanda hiki hakina umeme tangu mwaka jana.

Harufu ikamfikia. Mafuta, chuma kilichoungua, na kitu kingine chini yake... Udongo. Udongo mbichi, ule unaotoka kwenye shimo refu.

Nyuma ya mashine, mtu alikuwa amesimama.

Alimpa mgongo. Ovaroli ya bluu. Bega la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto, kichwa kimeinamia upande, kama mtu anayesikiliza chuma. Fundi Mama alililalia bega lile miaka yote ya ndoa yake. Hata usingizini angelijua.

Mkono wa mtu yule ukanyooka polepole, ukashika gurudumu.

Mashine ikaanza kuunguruma.

"Baba Kijacho..." Ndivyo alivyozoea kumtania mumewe, kwa mtoto ambaye hakujaliwa kuja. Sauti ilimtoka kama pumzi.

Mkono wenye nguvu ukamshika kwa nyuma, ukamburuta hadi nje. Alikuwa mlinzi. Alimkalisha kwenye tofali karibu na geti.

"Nilikwambia utoke," mzee alinong'ona.

"Ni mume wangu. Tulimzika. Nilimwaga udongo kwa mkono huu!"

"Labda mlizika mgomba uliovikwa sura yake, mama. Mimi sijui. Mwenye kiwanda alikuwa na mambo yake, na kazi ya hapa haikuwahi kulala. Ninachojua ni kwamba yule hafuati mtu, anafuata mashine. Atakayeinunua, atakwenda naye."

"Na kama wakiiyeyusha?"

Mzee akavuta kofia yake chini zaidi.

"Sikiliza," alisema. "Ukimpata, usimzunguke kumtazama usoni. Mpe kazi, atafanya. Na siku utakayotaka aende, mwambie tu: *Nenda kapumzike.* Maneno hayo, basi. Wengi wanayajua. Sijaona aliyeyasema."

Siku ya pili Fundi Mama alisimama mbele kabisa ya mnada, macho mekundu. Mshindani wake alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mtu wa tumbo na kicheko, aliyeitwa Chakavu na marafiki na maadui sawasawa. Kila alipotaja bei, Chakavu alipandisha juu yake bila hata kugeuka.

"Shemeji, hii inakwenda tanuruni," alimcheka. "Nenda kanunue cherehani."

Fundi Mama alikuwa amefika mwisho wa pesa zake. Dalali aliinua mkono. Mara ya kwanza... mara ya pili...

Chakavu, kwa furaha, akaegemeza kiganja chake juu ya mashine.

Kicheko kikakatika. Akageuza shingo taratibu kutazama nyuma ya mashine, mahali ambapo wengine wote waliona ukuta mtupu. Midomo ikamcheza. Akaondoa kiganja, akakifuta kwenye suruali, akafuta tena, akafuta tena.

"Sitaki," alisema. "Mpeni mama." Akatoka bila kumuaga mtu, na tumbo lake lote hilo, karibu akimbie.

Mashine ilishushwa karakanani mchana. Jioni, Fundi Mama alipokuwa anakoroga uji wa mama mkwe, akausikia ule mngurumo. Swichi ukutani ilikuwa imezimwa. Alichungulia kwenye upenyo wa mlango.

Ovaroli ya bluu. Bega lililoshuka.

Alikaa chini hapo hapo mlangoni, akalia hadi uji ukaungua.

Alijiambia atamwachia aende kesho. Ila kulikuwa na gia ya mteja mmoja iliyokuwa inasubiriwa, basi akaiacha mezani, na asubuhi akaikuta imechongwa, meno yote sawasawa kama ya mtoto. Kesho yake kukawa na shafti. Kisha wateja wakaanza kurudi, wakaja na wenzao. Kila jioni aliingiza chuma, akaweka na mchoro, akafunga mlango kwa kufuli. Kila jioni maneno yale yalimfika kooni. *Nenda kapumzike.* Akayameza.

Haikuwa tamaa peke yake. Alikuwa anakaa nje ya mlango, mgongo kwenye mbao, anamsimulia mumewe habari za siku nzima. Ngurumo ile ilimtosha kuwa jibu. Nani angeweza kumfukuza mtu wake mara ya pili?

Mama mkwe alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yake hayakuwa na mfano. Jioni moja alitoka na fimbo yake hadi uani.

"Mwanangu, ni nani anafanya kazi humo?"

"Fundi nimemwajiri, Mama."

"Fundi gani haombi maji? Haendi kwao? Hakohoi?" Akasogea, akaweka sikio kwenye mlango. Uso wake ukabadilika, ukawa wa msichana. "Anaiendesha mashine kama mwanangu. Anaivuta, anaipumzisha... anaivuta. Nilimsikia hivyo tangu anajifunza kazi."

"Mama, turudi ndani. Kifua chako."

"Fungua."

"Mama..."

"Mke wa mwanangu, nakuomba. Nimezaa mmoja tu."

Fundi Mama akaufumbata ufunguo kwa nguvu. Hakuweza kufungua, hakuweza kueleza. Bibi kizee akamwacha, akaugeukia mlango wa mbao na kuuwekea viganja vyote viwili.

"Mwanangu," aliita. "Ni mimi."

Mngurumo ukakoma.

Kimya kikaja. Kimya kizito, hata kuku wa jirani hawakusikika. Halafu, kutoka ndani, mtu akagonga mlango.

Taratibu. Kwa kiganja, si kwa ngumi.

"Yuko hai!" mama mkwe alilia. "Mwanangu, niambie, mama yako nilikuwa nakuita nani ulipokuwa mdogo? Sema, nikusikie!"

Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango. Mtu akavuta pumzi ndefu upande wa pili, karibu kabisa na mbao, kana kwamba ameziegemea.

Kisha sauti ikajibu. Ilikuwa nzito, kavu, ya mtu mzee sana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia.

"Mwanao hayumo humu," ilisema. "Fungueni."

Mama mkwe alirudi kinyumenyume mpaka akamgonga Fundi Mama kifuani. Akamgeukia, macho yale mabovu yakimtafuta uso.

"Mwanangu," alinong'ona, "umetuletea nani nyumbani?"

Fundi Mama akafungua kinywa. Akataka kusema yale maneno, sasa, hatimaye, kwa nguvu zake zote. "Nenda..." alianza. "Nenda kapumzike."

Ndani, kitu kikacheka kidogo.

Na mashine ikaendelea na kazi.

Waliondoka jioni ile ile, bibi amebebwa mgongoni, hawakuchukua hata sufuria. Sasa wanakaa kwa ndugu wa mbali, chumba kimoja, na Fundi Mama anafulia watu nguo. Fundi Mama alimtafuta yule mlinzi wa kiwanda ili amuulize, akaambiwa hapajawahi kuwa na mlinzi pale tangu kifungwe. Majirani wa zamani wanasema karakana haijawahi kunyamaza, ila jioni husimama kidogo, na mtu hugonga.

Mama mkwe hataki habari hizo zitajwe. Kwake yeye mambo yamekwisha: mwanawe yuko kaburini, amepumzika, na kilichomo mle ni uongo wa shetani.

Fundi Mama humwitikia, "Ndiyo, Mama," na kuendelea kukamua nguo. Lakini kuna jambo linalomtafuna ambalo hajamwambia mtu. Kama kitu kile kilisema kweli, basi mumewe hayumo, na yote yamekwisha.

Lakini kitu cha namna ile, kinasema kweli tangu lini?

Na kama kilidanganya... basi mle nyuma ya mlango wamo wawili: kitu kile, na mumewe. Na anayegonga, kwa kiganja, taratibu, ni yule wa pili.