Kikaratasi cha Msalani

Kila asubuhi, kabla mama hajakalia cherehani yake, Daktari alikuwa keshaoga na kuvaa. Daktari ni jina la utani la nyumbani. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, na alikuwa ameshindwa mtihani wa somo la mwili wa binadamu. Zilibaki wiki mbili aurudie. Akishindwa tena, chuo basi.

Nyumbani hapakusomeka. Chumba kilikuwa kimoja, na cherehani ilinguruma humo kutwa. Mama akimuuliza kama kelele zinamsumbua, alijibu kwamba amezoea. Ulikuwa uongo wa huruma, lakini uongo ni uongo.

Basi akategemea maktaba ya chuo, ambako wasomaji ni wengi kuliko viti. Sheria ilikuwa moja: kiti kikiachwa nusu saa bila maelezo, anakaa mwingine. Daktari akabuni ujanja. Milango ikifunguliwa tu, aliweka madaftari mezani na kikaratasi: "Nimeenda msalani, narudi sasa hivi." Kisha huyoo, anamsaidia mama kupelekea wateja nguo zao, arudi saa nne. Msalani gani huko kwa saa tatu?

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja alirudi akakuta watu wamejazana chooni. Mlango mmoja, ambao haukufunguka siku nyingi kwa sababu ya kitasa kibovu, ulikuwa umevunjwa. Mwanafunzi mwenzake, mtu mzima waliyemwita Mama Pacha, alikuwa akichungulia ndani. Alikuwa amesimama kando ya kile kiti, akikiheshimu kikaratasi, mpaka akaogopa kwamba mwenye kiti amezirai humo chooni. Ndipo akamwita mlinzi aje na nyundo.

Mkutubi, mzee asiyependa maneno mengi, akamuuliza Daktari kama alikuwa mgonjwa. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Akamtazama Mama Pacha, ukamkwama.

"Sikuugua, mzee. Sikuwa msalani kabisa. Nilidanganya nisipoteze kiti."

Mama Pacha hakugomba. "Mimi pia naurudia mtihani huohuo," alisema polepole. "Nimesimama kwa muda wa saa mbili na nusu."

Maneno hayo yalimuuma Daktari kuliko adhabu. Alinyang'anywa kadi ya maktaba wiki nzima. Alifika nyumbani analia, akamweleza mama yote, hata habari ya kelele.

Mama aliacha kushona. Jioni alikwenda kwa jirani, fundi viatu, wakakubaliana cherehani ikae barazani kwake kila asubuhi mpaka adhuhuri. Kesho yake chumba kilikuwa kimya. Daktari akaweka viti viwili, akamwita Mama Pacha.

Walifaulu wote wawili, Mama Pacha kwa alama chache tu. Daktari alipompelekea mama habari, mama alifurahi, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, ukificha shida yako, hata anayekupenda hawezi kukusaidia. Na ukikalia kiti cha uongo, jua kuna mtu umemsimamisha."